Daftari la Nidia

Siku ya tatu natembea nimeinama
kama mtu aliyeangusha sarafu
na hataki wengine wajue anaitafuta.
Kutoka kitandani hadi chooni ni hatua kumi na moja.
Kurudi ni kumi na nne.

Nje, Valdivia, mvua ya Julai haijui kuchoka.
Kuni alizoleta shemeji Arnoldo ni mbichi,
moshi wake unanikohoza,
na kukohoa siku hizi ni kazi ya watu wawili:
mimi nakohoa, dada yangu ananikandamizia mto tumboni.

Nidia ana daftari, la mwanawe wa darasa la pili.
Kila asubuhi anafungua kichupa kinachoning'inia ubavuni mwangu,
anakiinua dirishani, anafinya jicho, anaandika.
Jumanne, themanini. Rangi: divai iliyotiwa maji.
Jumatano, sitini na tano.
Ijumaa, arobaini. Rangi: chai ya pili ya majani yaleyale.
"Unakauka," anasema,
kama anayesifia nguo kambani.

Daktari Urrejola alinichora kwa kalamu ya zambarau
nikiwa nimesimama uchi, nikitazama saa ya ukutani.
Akasema: wiki mbili, utarudi kazini.
Kazi yangu ni kubeba kome sokoni, kando ya mto.
Sanduku moja kilo kumi na nane.
Hakuniuliza. Sikumwambia.

Na msiniulize kwa nini.
Mteja aliwahi kuniuliza, una miezi mingapi?
Nikamjibu: miaka kumi na moja,
na leo yuko shuleni.
Alicheka, akaongezwa kome.
Usiku nikainua lile kunjo la ngozi kwa mikono miwili,
nikapaka poda kwenye vipele vyake,
kama ninavyomfanyia mtoto, kila usiku, bila mtoto.

Siku ya tisa walitoa mrija.
Siku ya kumi na mbili niligeuka kitandani
na tumbo likageuka baadaye,
peke yake, polepole,
maji ndani ya kiriba.

Sikusema.
Mficha maradhi, wanasema, kifo humuumbua,
lakini mimi sikuficha maradhi, nilificha bei.
Milioni tatu, peso juu ya peso, miaka sita,
na Custodio, huko Quellón kwenye vizimba vya samaki,
anajua nimepasuliwa henia.

Halafu homa.
Halafu, chini ya kitovu, ukingo wa mshono
ukawa biringani, kisha ukawa ukoko.
Nidia hakukiona kwanza. Alikinusa.
Akafungua daftari, kalamu ikasita.
Harufu: ipo.
Akafunga. Akatafuta koti langu.

Hospitalini hawakunigombeza, na hilo liliniumiza.
Niliiona sindano nene ikiingia kwenye nyama ya mtu mwingine,
maana ngozi yangu bado ina ganzi, haipokei salamu.
Mia mbili na kumi, akasema muuguzi.
Nidia akarudia namba hiyo kwa midomo tu.
Ngozi iliyokufa wakaikata kwa mkasi mdogo,
wakaacha shimo wazi, wakalishindilia shashi.
Kidonda kama hiki, akasema, kinajifunga kutoka chini.
Ukikiharakisha juu, kitakudanganya.

Wiki tano za shashi. Soko limempa mwingine masanduku yangu.
Kitovu ni kilekile, alinieleza daktari, tumekitobolea mlango mpya.
Nacho kinachungulia, kushoto kidogo,
kama jirani asiye na uhakika kama amealikwa.

Jana daftari liliishia: sufuri.
Ukurasa wa nyuma kuna hesabu za mtoto,
saba kutoa tisa, na alama nyekundu ya kosa.

Custodio alipiga simu usiku, upepo mwingi, sauti ikikatika.
"Henia ilikuwa upande gani?"
Nikainua shati mbele ya jiko.
Mstari ule unaanzia nyonga hii, unapita shimoni,
unaishia nyonga ile.
Nikamwambia, pande zote.
Akanyamaza kidogo.
"Basi kaa chini," akasema. "Niambie."